Fundo la Kikelti kwa waya wa shaba: linagoma kukaa, na mteja anataka maana yake

KoleoButu aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Kwa kawaida napita humu nasoma kimya kimya, ila leo akili imegota.

Nina miezi saba tangu nianze kukunja waya. Nilianza na hereni za konokono, zile za kuzungusha tu, zikatoka vizuri. Mwezi uliopita akaja dada mmoja na picha kwenye simu: kidani cha fundo la Wakelti, watu wa kale wa Ulaya: pembe tatu, waya mmoja unapita juu na chini ya mwenzake, hauna mwanzo wala mwisho. Amefiwa na mama yake, anataka avae kitu "kisichoisha". Nikakubali haraka haraka, nikapokea na nusu ya hela.

Natumia waya wa shaba nyekundu, unene wa namba 18. Hadi sasa nimeharibu vinne. Cha kwanza, nilipofika pindo la tatu waya ulikuwa mgumu kama spoku ya baiskeli. Nikaulazimisha kwa koleo, ukakatikia mkononi. Cha pili hakikukatika, lakini meno ya koleo yamekijaa kila mahali, ukikiona utadhani mfupa uliotafunwa na mbwa. Cha tatu nilikimaliza, nikashangilia, nikakiweka kwenye chuma na kukipiga nyundo kiwe bapa, kikapasuka palepale waya unapopandana. Cha nne ni kizima. Ila ukikifuata kwa kidole, kuna mahali waya umepita juu mara mbili mfululizo. Dada hawezi kujua. Mimi najua, na kinaninyima usingizi.

Hilo ni la mikono. La pili ni la mdomo. Nilimwambia dada kwamba maana yake ni umilele. Kaka yake akasikia, akaja juu: hiyo ni alama ya mizimu, ya watu waliokuwa wanaabudu miti, na marehemu alikuwa mtu wa kanisa. Nikauliza huku na huku. Mmoja kaniambia ni Utatu Mtakatifu. Mwingine anasema ni ardhi, bahari na anga. Wa tatu kasema ni ujana, utu uzima na uzee. Sasa dada anasubiri jibu, na mimi nina kikaratasi kitupu cha kuweka ndani ya boksi. Niandike nini?

Naomba kuwasilisha.

MzeeWaMsasa alijibu:

Pole mkuu. La waya kuwa mgumu ni dogo, chukua waya mwembamba zaidi, tatizo limekwisha. Na hayo meno ya koleo unayaondoa kwa msasa namba 400, halafu 800, halafu 1200. Maana ya alama andika umilele, kila mtu anaandika hivyo.

Bi_Fuawe alijibu:

Marahaba mwanangu, hata kama hujaniamkia.

Nimekunja waya miaka kumi na moja, na hivyo vinne ulivyoharibu nimeviharibu vyote, kwa mpangilio uleule. Mzee wa Msasa namheshimu, lakini waya mwembamba hautakusaidia. Utakunjika kwa urahisi, halafu utakaa kwenye shingo ya huyo dada kama uzi uliolowa, na siku ya pili ukigusa kitu umepinda. Waya wako haujakugomea. Umechoka. Shaba kila unapoikunja inakaza, maana mle ndani chembe zake zinasukumana na kukabana mpaka hazina pa kusogea, na ukizidi kuilazimisha inakatika. Dawa yake ni moto.

Vuta pazia kwanza, ili uione rangi. Viringisha waya wako kama koili ndogo, ulaze juu ya tofali linalovumilia moto, pitisha tochi ya gesi taratibu juu ya koili nzima usisimame mahali pamoja. Subiri wekundu wa giza, ule wa kaa linalotaka kuzimika. Usingoje rangi ya chungwa. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, unaona ni mbali, lakini waya wa milimita moja unafika huko wewe ukiwa unapiga chafya. Ukiona wekundu ule, toa moto, tumbukiza waya kwenye maji. Utautoa umelegea kama tambi. Ule weusi juu yake siyo uchafu, ni shaba imeungana na hewa. Siki ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo itauondoa. Kisha kunja mpaka uanze kuhisi unakupinga vidoleni, na hapohapo urudishe motoni. Kwa fundo la pembe tatu mimi narudisha mara mbili. Wewe bado mgeni, rudisha hata mara nne, hakuna anayehesabu.

Kama waya wako umetoka kwenye mota kuukuu au transfoma, una rangi ya kuhami umeme. Huo usiuchome, moshi wake si wa kuvuta. Nunua ulio mtupu.

Na hiyo namba 18 yako ni ya wapi? Nakuuliza kwa sababu namba 18 ya Marekani ni milimita 1.02 na namba 18 ya Uingereza ni milimita 1.22. Kwenye bangili hutaona tofauti. Kwenye kidani cha sentimita tatu, hiyo tofauti ndiyo inayoamua kama waya zitapandana kwa adabu au zitasukumana. Nunua kwa milimita, achana na namba. Chukua ya 1.0.

Koleo lenye meno liondoe kabisa mezani. Tafuta lenye midomo laini, moja la mdomo bapa na moja la mdomo mviringo, na kingo zake uzipitishe kwenye msasa mpaka zisikwaruze ukucha. Huna? Funga tepu ya karatasi kwenye midomo, tabaka mbili. Lakini ukweli ni kwamba fundo hili linakunjwa kwa vidole. Koleo liingie kwenye zile ncha tatu tu, na mwishoni kuvuta. Msasa unafuta alama ya meno, sawa, na unafuta waya pia.

Sasa kusuka. Chora fundo kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Chukua bikari, chora duara tatu zilizo sawa, kila moja ipite kwenye kitovu cha mbili nyingine, kisha futa matao ya nje. Kinachobaki ndiyo pembe tatu yako. Makutano ni matatu, na yanaangukia hasa kwenye vile vitovu vitatu ulivyochoma kwa sindano ya bikari. Kila kutano utalipita mara mbili, kwa hiyo safari nzima ya waya ina mapito sita: juu, chini, juu, chini, juu, chini. Andika hayo maneno juu ya mchoro kwa kalamu nyekundu. Suka kwanza kwa kamba ya kiatu. Sikutanii. Mkono ukishajua njia kwa kamba ndipo uushike waya.

Anzia katikati ya waya, siyo kwenye ncha yake. Tao la kwanza unalilaza tu. La pili unalilaza juu ya la kwanza. Tao la tatu peke yake ndilo linalofumwa, linapita juu ya mmoja na chini ya mwingine, na hapo ndipo wewe umekuwa ukivunja, kwa sababu unajaribu kulipenyeza wakati mengine yamekwisha kubanwa. Acha nafasi. Fundo lianze kubwa na legevu kama yai bichi, kisha ulibane kidogo kidogo kwa kuvuta tao moja, halafu linalofuata, halafu linalofuata, ukizunguka. Ukivuta moja mpaka mwisho, mengine yanajikunja kiwiko na hayanyooki tena.

Ncha mbili za waya zikutane chini ya kutano, mahali waya mwingine unazifunika. Zipige tupa ziwe bapa zikumbatiane, lehemu, au kama hulehemu zifunge kwa waya wa milimita 0.4 mizunguko mitatu.

Nyundo: piga matao ya nje tu, kwa nyundo ya plastiki au ya mpira, ili yakaze. Kutano usiliguse. Pale waya mmoja umekalia mwingine, ukipiga unawakata wote wawili.

Kuhusu kile cha nne kinachokunyima usingizi, una haki ya kutolala. Kile siyo fundo. Ukikiunga ncha na ukawa na subira ya kukivuta, kitafumuka chote kibaki pete tupu. Kutano moja likikosewa kwenye pembe tatu, ufungaji wote umekwenda. Kitoe kwenye boksi.

Kuhusu maana ya alama nitarudi usiku, nina kazi kwenye asidi ya kusafishia waya.

Mchora_Duara alijibu:

Naongezea hesabu kidogo kwa sababu Bi Fuawe amenichokoza na bikari yake.

Kwa mchoro huo wa duara tatu, kila tao ni nusu duara kamili, na umbali kutoka ncha hadi ncha ni sawa na kipenyo cha duara. Kwa hiyo urefu wa waya ni umbali wa ncha hadi ncha mara 4.7. Ukitaka kidani cha sentimita 3, waya unaoonekana ni sentimita 14 na ushee. Kata 18 upate pa kushika.

La pili ni zawadi. Ukihama kwenye pembe tatu ukaenda kwenye mafundo ya mstatili, yale ya kusukwa kama mkeka, kuna njia ya kujua kabla hujaanza kama waya mmoja utatosha. Hesabu vipindo vya pembeni upande mrefu na upande mfupi. Kama namba hizo mbili hazigawanyiki kwa namba yoyote moja zaidi ya 1, waya mmoja unazunguka kote na kurudi ulikotoka. Tatu kwa nne: waya mmoja. Nne kwa sita: zote zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo utapata vitanzi viwili vilivyopitana. Tatu kwa tatu: vitatu. Nimewahi kuona mtu akihangaika siku nzima kutafuta kosa kwenye mraba wa nne kwa nne, anataka waya mmoja. Hautapatikana, ni vinne, hata asuke hadi kesho.

Anza na mbili kwa tatu. Waya mmoja, makutano saba. Baada ya pembe tatu ndiyo ngazi inayofuata.

Bi_Fuawe alijibu:

Nimerudi. Mchora Duara, hilo la kugawanya nimelitafuta miaka kwa kubahatisha na wewe unalitoa kwa mistari sita. Nimekasirika na nimeshukuru.

Haya, maana. Kwanza nikuambie aibu yangu. Mwaka wa tatu wa kazi hii nilitengeneza hereni za konokono tatu zilizoungana katikati, jozi kama arobaini, na kila jozi ikawa na kikaratasi: "Alama ya kale ya Wakelti na makuhani wao." Nilikinakili mahali kwenye intaneti, nikaona kinapendeza. Mama mmoja akanunua, akakisoma, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimewahi kusikia mahali panaitwa Newgrange. Sikuwahi. Ni kaburi kubwa la mawe huko Ireland, limejengwa kama mwaka 3200 KK, na konokono zile tatu zimechongwa mle ndani, kwenye chumba ambacho jua la asubuhi linaingia siku fupi kuliko zote za mwaka, Desemba. Zimechongwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Mgiriki yeyote kuandika neno "Wakelti". Waliozichonga walikuwa watu wengine. Mama yule hereni alizichukua. Kikaratasi akaniachia mezani.

Tangu hapo kila alama nauliza kwanza: ilionekana wapi, lini, juu ya kitu gani.

Ukiuliza hivyo, Wakelti wa kale unaowasikia, wale ambao vitu vyao vilipatikana La Tène, Uswisi, ukingoni mwa ziwa Neuchâtel, sanaa yao imejaa mistari inayopinda, majani, konokono, nyuso zinazojificha ndani ya majani. Mafundo ya kusukana namna hii hawakuwa nayo. Lakini waya walikuwa nao! Mwaka 1950 huko Snettisham, Norfolk, mashariki mwa Uingereza, jembe lilifukua pete nzito ya shingoni ya dhahabu iliyochanganywa na fedha. Nyaya 64. Wamezisokota nane nane zikawa kamba nane, kisha kamba nane zikasokotwa pamoja. Inapita kilo moja, ipo British Museum. Mimi picha yake nimeibandika juu ya fuawe langu, na siku waya ukinishinda naitazama, ingawa kwa kweli hainifariji, inanitia wivu. Hiyo ina zaidi ya miaka 2,000. Waandishi wa Kirumi na Kigiriki waliona watu wamevaa pete kama hizo vitani, na kuna sanamu maarufu pale Roma ya shujaa wa Kigalia (Wagalia ni jamii ya Wakelti) anayekufa, yuko uchi, kilichobaki mwilini ni hiyo pete ya shingo. Ile ilisema cheo. Hapo huhitaji kukisia sana.

Mafundo yanaonekana kwa wingi Ireland na Uingereza kuanzia karne ya 7 BK, zama za wamonaki, watawa wa Kikristo. Kusukana kwenyewe ni kwa zamani, hata sakafu za Warumi za vijiwe zina misuko hiyo. Lakini waliokuza mpaka ikawa wazimu mtamu ni wamonaki, kwenye vitabu vya Injili: kitabu cha Durrow, cha Lindisfarne, na cha Kells, ambacho ni cha kama mwaka 800 na leo kipo Trinity College, Dublin. Kwa hiyo huyo kaka mwambie taratibu: fundo la namna hii lilipambwa kwenye kurasa za Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na mikono iliyolichora ilikuwa ya watu waliosali mchana na usiku. Mama yake asingelikimbia.

Ila usigeuke ukaandika "Utatu Mtakatifu tangu kale". Jina lake, trikwetra, ni Kilatini, na maana yake ni yenye pembe tatu, basi. Umbo hilohilo lipo kwenye mawe ya maandishi ya kale huko Uswidi. Na wale wamonaki hawakuacha ukurasa hata mmoja wa kueleza fundo hili ni nini na lile ni nini. Walichora, wakanyamaza. Umilele, ardhi na bahari na anga, ujana na uzee: hayo ni maneno ya wauzaji na wavaaji wa miaka ya karibuni. Siyo dhambi. Ila siyo ya kale.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko maana zote. Mwishoni mwa karne ya 12 kasisi aitwaye Gerald wa Wales alikwenda Ireland, akaonyeshwa kitabu cha Injili pale Kildare. Akaandika kwamba ukikitazama juu juu unaona rangi zimepakwa tu, lakini ukisogeza jicho unaanza kuona misuko juu ya misuko, myembamba na iliyobana, mpaka utasema ni kazi ya malaika, siyo ya mtu. Kile kitabu kimepotea. Lakini ona alichokisifu: siyo maana. Kubana, wembamba, usahihi. Juu, chini, juu, chini, bila kukosea. Ndicho kilekile kinachokunyima wewe usingizi kwenye kidani chako cha nne.

Na kama unadhani kubandika majina ya kuvutia kumeanza leo, tafuta habari za Bruchi ya Tara. Ni pini ya nguo ya fedha iliyopakwa dhahabu, ya kama mwaka 700, ina nyuzi za dhahabu nyembamba kiasi kwamba unahitaji kioo cha kukuzia, na mnyororo wa waya uliofumwa unaning'inia pembeni. Ilipatikana mwaka 1850 Bettystown, karibu na pwani. Kilima cha Tara, walikotawazwa wafalme wa Ireland, hakihusiki nayo kabisa. Sonara wa Dublin aliyeinunua ndiye aliyeipa jina hilo, kwa sababu alikuwa anauza nakala. Jina likaganda mpaka leo, liko hata kwenye jumba la makumbusho.

Ukitaka alama ya Ireland yenye maana isiyobishaniwa ipo, pete ya Claddagh ya kule Galway: mikono miwili ni urafiki, moyo ni upendo, taji ni uaminifu. Ipo tangu kama mwaka 1700 na waliovaa wameieleza wenyewe. Lakini siyo kazi ya waya, na siyo alichokuomba dada.

Kikaratasi chako mimi ningeandika hivi: "Fundo la pembe tatu, waya mmoja wa shaba, limekunjwa kwa mkono. Umbo kama hili lilipambwa kwenye vitabu vya Injili vya Ireland miaka 1,200 iliyopita." Mistari miwili. Nafasi iliyobaki iache wazi.

Asiyeamini alijibu:

Samahani, mnachosha. Mtu amefiwa, anataka kitu kisichoisha, mwambieni hakiishi. Nani ataenda kuuliza mmonaki wa mwaka 800? Maana ni ya anayevaa.

Bi_Fuawe alijibu:

Sikupingi hata kidogo, ndiyo maana nimemwambia aache nafasi wazi. Dada akisema "kwangu huyu ni mama", hakuna mtu duniani mwenye ruhusa ya kumsahihisha. Ninachokataa ni fundi kuandika "Wakelti waliamini" wakati hajui waliamini nini. Wewe ukinunua fedha ukakuta ni bati lililopakwa, utasema maana ni ya anayevaa?

MzeeWaMsasa alijibu:

Nafuta lile la waya mwembamba. Nimejaribu kuchoma wa milimita moja jana usiku. Umelegea kweli. Na wa pili umeyeyuka, nilipiga chafya.

KoleoButu alijibu:

Shikamoo Bi Fuawe, na unisamehe kwa ya mwanzo. Wote asanteni.

Niwape matokeo. Nimesuka kwa kamba ya kiatu jioni nzima, mpaka watu wa nyumbani wakauliza kama nina kiatu kingine cha kuvaa kesho. Kisha waya. Nilipima ule wangu, kumbe ni wa 1.2, wa Kiingereza. Nikanunua wa 1.0, nikakata sentimita 18. Kilichonishangaza ni sauti. Waya uliochoka ukiukunja unalia kidogo, kama mtu anayekwaruza meno. Ukitoka motoni unakunjika kimya. Sasa hivi nasikia kabla sijahisi.

Tao la tatu lilinitoa jasho. Nilikuwa nalipenyeza kutoka juu kila mara. Nilipogeuza kazi nzima kichwa chini nikalipitisha kutoka nyuma, likaingia lenyewe. Nimelichoma mara tano, Bi Fuawe, nilihesabu. Ncha moja bado ni butu kuliko mbili nyingine, lakini mapito ni sita na yote yanapishana.

Nilimpelekea dada pamoja na kile cha nne, nikamwambia ukweli kwamba hicho cha nne si fundo. Akakichukua, akaanza kukichezea kwa vidole huku tunaongea, akivuta hapa, akisukuma pale. Baada ya muda akanionyesha: pete tupu, imepindapinda. Akacheka. Kaka yake alikuwa amekaa pembeni. Nikamweleza habari za Injili, hakusema kitu, ila alichukua kile kipya akakifuata kwa ukucha, mzunguko mzima, akarudia. Halafu akauliza kama cha kwake kinaweza kuwa cha fedha.

Nusu iliyobaki nimelipwa. Kikaratasi dada ameniambia niandike ile mistari miwili, chini yake ameandika jina la mama yake mwenyewe kwa kalamu.

Sasa fedha sijawahi kuigusa. Moto wake ni uleule? Na Bi Fuawe, ulisema una kazi kwenye asidi, kuna la kuangalia huko?

Bi_Fuawe alijibu:

Marahaba baba. Ncha butu waachie, itakutambulisha.

Fedha ya 925, ambayo ni sehemu 925 za fedha na 75 za shaba katika kila elfu, haivumilii moto kama shaba tupu. Inaanza kuyeyuka chini ya nyuzi 900. Rangi unayoitafuta ni waridi hafifu sana, gizani, ukiiona tu umefika. Ukitoa moto hesabu mpaka kumi ndipo uitie majini. Fanya mazoezi ya fundo lote kwa shaba kwanza, kwa urefu uleule, hadi uweze kulimaliza kwa kuchoma mara mbili.

Na asidi: ile uliyokwisha kusafishia shaba ina shaba ndani yake imeyeyuka. Ukizamisha fedha humo halafu ukaitoa kwa kibanio cha chuma, shaba yote inarukia juu ya fedha na kidani kinatoka chekundu. Nimeshakiona kikitoka hivyo, cha mteja, saa mbili kabla hajafika. Tumia kibanio cha mti au cha shaba, na fedha iwe na chombo chake.

Mbili kwa tatu umejaribu?